Lipa Hapa

Kabla ya M-Pesa, mtu wa Maskati aliyetaka leso kutoka Mtaa wa Biashara, Mombasa, hakukosa njia ya kulipa, ila kila njia ilipita mikononi mwa watu. Mwenye ndugu anayesafiri alimkabidhi riali uwanja wa ndege. Mwenye haraka alikwenda Western Union, kisha akapiga simu dukani kusoma namba ya kuchukulia pesa, tarakimu moja moja, na shangazi yangu, mwenye duka, akaiandika nyuma ya bahasha huku akiirudia kwa sauti ya kusikika duka la tatu. Na kulikuwa na yule ambaye hakutuma chochote. Alisema tu, "Niandikie," naye akaandikwa daftarini. Pesa zilikuja mwezi wa Ramadhani, au zilikuja pamoja na harusi, au hazikuja kabisa kwa kuwa shangazi mwenyewe alidaiwa na mama wa huyo mteja tangu miaka ya nyuma, na madeni yakafutana. Duka liliuza ng'ambo kabla sijazaliwa, na wala si duka kubwa. Liko mtaa mmoja na Kaderdina Hajee Essak, wale wa Mali ya Abdulla walioanza mwaka 1887, na ukiwa jirani wa duka kongwe kiasi hicho huishi kwa wapita njia. Unaishi kwa wateja unaowajua hadi mama zao.

Mimi nikaleta tovuti.

Mwaka 2008 nilikuwa nafanya kazi katika saiba moja kando ya Barabara ya Digo, nikijifundisha kutengeneza tovuti saa ambazo wateja walikuwa haba. Intaneti yetu ilikuwa bado inategemea setilaiti; kebo za TEAMS na SEACOM ziliingia Mombasa mwaka uliofuata. Picha ya leso ilijifungua polepole kutoka juu, pindo kwanza, kisha maua, na jina mwishoni, na jina ndilo lililosubiriwa, kwa sababu sijamwona mwanamke wa Mombasa anayenunua leso kwa rangi pekee. Nilipiga picha rafu nzima. Nikaandika jina la kila leso chini yake, nikazipanga kwenye Joomla, nikaongeza kikapu cha VirtueMart, na mwisho nikatia kitufe cha kijani chenye maneno "Lipa Hapa". Ukikibonyeza, kilikupeleka kwenye ukurasa uliosema tafadhali tupigie simu.

Programu ilikuwa sehemu nyepesi. Ili tovuti ipokee Visa au Mastercard, ilibidi benki ikubali kukuandikisha kama mfanyabiashara wa mtandaoni, na benki tuliyoiendea ilitaka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, cheti cha usajili, maelezo ya namna tutakavyorudisha pesa mteja asiporidhika, na amana ambayo ingekaa kwao bila kuguswa, kiasi kilichozidi thamani ya leso zote zilizokuwa rafuni. Ofisa aliyetuhudumia alikuwa kijana mpole. Akauliza kama duka huuza kwa mkopo.

"Nusu ya mji," shangazi akajibu kwa fahari, akafungua mkoba na kumwekea daftari mezani alisome.

Kijana aliandika neno moja kwenye fomu. Hatukuitwa tena.

Miaka baadaye nilielewa walichokuwa wakiogopa. Mwenye kadi ana haki ya kwenda benki yake na kusema, huu ununuzi si wangu. Benki yake humrudishia pesa, kisha huidai benki ya mwenye duka, nayo humkata mwenye duka. Kama mwenye duka amekwisha funga na kuhama, hasara hubaki benki. Kwa hiyo kila kadi inayopita kwenye tovuti ni mkopo ambao benki imekupa bila kuuita mkopo, na muda wake ni mrefu: kwa madai mengi ni hadi siku 120. Uzuri wa tovuti haukuwahusu. Walitaka kujua nani atapatikana kesho mambo yakiharibika. Shangazi alikuwa na jibu la swali hilo kwa kila mteja wake, limeandikwa kwa kalamu ya wino, lakini fomu haikuwa na nafasi ya kuliandika.

PayPal ilikuwapo, na wakati huo akaunti ya Kenya iliweza kulipa bila kuweza kupokea. Wengi wetu tuliokuwa tukitengeneza tovuti tulikuwa na dawa ileile: ndugu aliyeko Uingereza. Kitufe cha kijani kikapata kazi yake ya kwanza. Mteja wa Toronto alilipa kwa kadi, pesa zikaingia kwa binamu yangu wa Leicester, naye akazituma Western Union pale alipokumbuka, au pale mkewe alipomkumbusha. Halafu simu, halafu bahasha, halafu shangazi akarudia tarakimu kwa sauti. Tulikuwa tumeunda mfumo wa malipo wa kimataifa ambao ulikwama kila binamu alipokuwa na zamu ya usiku.

Safaricom ilikuwa imekwisha zindua M-Pesa mwezi Machi 2007, na wateja wa Nairobi na Nakuru ndio waliotuambia tuache kuhangaika na kadi. Wakati huo haikuwa na mlango wowote wa kuunganisha na tovuti ya duka kama letu. Tulichofanya ni hiki: ukurasa wa malipo ulimwambia mteja atume pesa kwenye simu ya shangazi, kisha aandike ule msimbo wa muamala, herufi na tarakimu zilizochanganyika, ndani ya kisanduku. Msimbo ulinifikia mimi kwa barua pepe. Meseji ilimfikia shangazi kwenye Nokia yake. Jioni tulikaa kaunta, mimi nasoma yangu, yeye anasoma yake, na palipolingana aliweka alama daftarini kwa kalamu nyekundu.

Nokia ile ilijaa meseji. Ikijaa haikupokea nyingine hadi ufute, na shangazi hakukubali kufuta, kwani kwake kila meseji ilikuwa risiti, na risiti haitupwi. Mteja wa Eldoret aliyekwisha lipa alipiga simu akilalamika, mimi namwambia sioni kitu, na pesa zake zimo ndani ya simu siku nzima, zinasubiri nafasi. Mwishowe shangazi alikubali nifute meseji kwa sharti kwamba kila moja inakiliwa kwanza kwa mkono. Madaftari hayo bado yapo. Ukiyafungua unakuta muamala mzima, jina, saa na salio, yote kwa hati yake ya kulalia kulia.

Nairobi walikuwa mbele yetu kidogo. Vijana wa huko walichomeka laini ya simu kwenye modemu ya USB, wakaandika programu ya kusoma kila meseji iliyoingia na kuilinganisha na oda. Nami nikafanya hivyo, kompyuta kuukuu chini ya kaunta, modemu ikiwaka taa ya buluu kati ya marobota. Umeme ulipokatika, duka la mtandaoni nalo lilifungwa, na aliyelipa usiku alijibiwa asubuhi. Kisha wezi wakagundua kwamba meseji ni maneno tu. Mtu alikutumia kutoka laini yake mwenyewe maandishi yaleyale, kwa mpangilio uleule, yakisema umepokea kiasi fulani, na programu nilizoziona miaka ile zilisoma maneno bila kumtazama sana mtumaji. Shangazi hakuwahi kushikwa. Yeye hakuamini meseji wala programu, aliuliza salio.

Mwaka 2009 PesaPal ilianza Nairobi, na hapo kazi yangu ikaanza kubadilika sura. Kampuni kama hizo zilijiweka katikati: zikapambana zenyewe na mabenki na kampuni za simu, mwenye duka akaweka kitufe chao, nao wakachukua kamisheni yao kwa kila oda. Namba za kadi hazikugusa seva yetu, na hilo lilituondolea mzigo wa kanuni za PCI DSS ambazo kampuni za kadi ziliziweka tangu mwaka 2004, za nani anaruhusiwa kuhifadhi nini. Mwaka 2011 Western Union ikaunganishwa na M-Pesa, na bahasha zikaisha dukani. Mwaka 2013 ikaja Lipa na M-Pesa, namba ya duka badala ya namba ya shangazi. Yote haya yalipita haraka kuliko nilivyoyasimulia.

Oda kubwa ya kwanza ya kadi niikumbukayo ilitoka kwa mtu ambaye jina lake lilikuwa la nchi moja, kadi ya nchi ya pili, na anwani ya kupelekewa mzigo ya nchi ya tatu. Alitaka leso nyingi, pea juu ya pea. Shangazi aliitazama orodha akasema, "Hakuuliza jina hata moja." Alizichagua kwa kufuata mpangilio wa ukurasa, ya kwanza hadi ya mwisho. Skrini ilisema malipo yamekamilika, Posta ikapokea mzigo, na miezi ikapita kabla pesa hazijavutwa na kurudishwa kwa mwenye kadi halisi, ambaye bila shaka hajawahi kuiona leso maishani. Juu yake tukakatwa ada ya usumbufu. Kinga ilikuwapo. Tangu mwaka 2001 Visa ilikuwa na utaratibu wa kumtaka mwenye kadi ajithibitishe kwa benki yake kabla ya malipo kupita, na ukiutumia, lawama ya wizi kwa kawaida huhamia benki iliyotoa kadi. Lakini wateja wetu wengi wa kweli, kina mama wa Maskati na Dubai, walikwama hapohapo kwenye nenosiri ambalo hawakukumbuka kuliweka. Ukifunga mlango, unawafungia wao. Ukiacha wazi, anaingia yule asiyeuliza jina. Tangu siku hiyo shangazi alipiga simu kwa kila oda ya kadi kabla ya kufunga mzigo, na aliyejibu vibaya hakutumiwa kitu.

Hadi mwaka 2015 mitambo ya M-Pesa yenyewe ilikuwa Ujerumani. Mwaka huo ikahamishiwa Kenya. Kuungana nayo moja kwa moja bado kulihitaji barua, vyeti na njia maalumu ya siri kati ya seva yako na yao, mambo ya benki na kampuni za umeme, si ya muuza leso. Halafu mwaka 2017 Safaricom ikafungua Daraja, mlango wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, na mtu yeyote mwenye kompyuta akaweza kujisajili na kujaribu. Nani kati yetu hakuijua namba 174379, ya duka la majaribio ambalo halina bidhaa? Usiku kucha tuliliuzia na kununua kwa shilingi moja moja. Kila kitu kilikuwa na sharti lake dogo. Namba ya simu lazima ianze na 254, bila alama ya kujumlisha wala sifuri. Ufunguo wa kuingilia uliisha nguvu baada ya saa moja. Anwani ya kupokelea majibu ilitakiwa iwe na HTTPS, na Let's Encrypt walikuwa wamekwisha anza kutoa vyeti bure. Miaka michache nyuma cheti hicho kilikuwa gharama ya kufikiriwa mara mbili.

Mteja sasa alibonyeza "Lipa Hapa", simu yake ikaamka yenyewe na kumwomba PIN, na jibu likarudi kwenye tovuti kabla hajaiweka simu mezani. Jibu lilikuja na namba. Sifuri maana yake pesa zimeingia. 1037, simu haikupatikana. 2001, PIN si sahihi. 1, salio halitoshi, ambayo shangazi alinikataza kumsomea kwa sauti mbele ya watu. Na 1032, mteja ameghairi.

Hii 1032 ilitukalia. Ni yule mama anayekunjuliwa leso zote kaunta, akauliza bei, akapima pindo kwa vidole, kisha akasema narudi sasa hivi. Dukani unamwona akienda na unajua kama ni bei, ni mume, au ni ile leso ya nyuma aliyokuwa akiitupia jicho. Kwenye tovuti unabaki na tarakimu nne. Mimi nilikuwa nikizihesabu kama hitilafu za kupunguzwa. Shangazi akaniomba nimpe orodha yake kila jioni, jina, simu na leso iliyoachwa, akavaa miwani na kuanza kupiga. "Mwanangu, nimeona ulitaka ile ya korosho nyekundu. Una shughuli gani?" Kama ni harusi, alishauri nyingine. Kama ni msiba, aliuliza nani. Wengi wakalipa siku ileile, na tukaja kuona kwamba orodha ya walioghairi inauza vizuri kuliko ukurasa wa mbele niliouhangaikia kwa rangi na picha.

Leo kijana yeyote mtaani kwetu anaweka malipo kwenye tovuti kati ya alasiri na magharibi. Anajisajili kwenye lango la malipo, anapakia picha ya kitambulisho na PIN ya KRA, mamlaka ya mapato, anachagua WooCommerce, anatia tiki kwenye M-Pesa na tiki kwenye kadi. Stripe ya Marekani iliinunua Paystack ya Nigeria mwaka 2020, na Paystack leo inafanya kazi Kenya. Kile ambacho kijana wa benki alituomba amana ili kutupa, sasa kinakuja na barua pepe ya kukukaribisha. Hakuna aliyeuliza hesabu za miaka mitatu. Kila nilichojifunza kwa tabu kimekuwa kisanduku cha kutia tiki, na kijana akinikuta nimesimama nyuma yake hunieleza taratibu HTTPS ni nini.

Wateja nao hawakukingoja kitufe. Wanaiona leso Instagram, wanaipiga picha kwenye skrini, wanaituma WhatsApp na maneno mawili, "Hii ipo?" Shangazi anajibu kwa sauti iliyorekodiwa, maana hapendi kuchapa. Wanatuma pesa kwenye namba ya duka, kisha wanatuma picha ya meseji ya M-Pesa kuthibitisha, na binti anayemsaidia dukani analinganisha msimbo na salio, jioni, kaunta, kama tulivyofanya sisi na Nokia. Tovuti imekuwa kitabu cha picha. Ada zipo palepale na zinakua: ushuru unaotozwa juu ya ada ya kutuma pesa kwa simu ulikuwa asilimia 10 mwaka 2013, ukawa 12 mwaka 2018, na 15 mwaka 2023. Na KRA sasa wanataka ankara ipite eTIMS, mfumo wao wa ankara za kielektroniki, jambo ambalo daftari halikuwahi kudaiwa.

Ninachokikumbuka zaidi ya vyote ni "Niandikie". Hakuna lango la malipo lenye kitufe hicho. Mteja wa Maskati akilipa leo, amelipa. Hana sababu ya kupiga simu Ramadhani wala ya kupita dukani akija likizo, na wengine walinuna shangazi alipowapelekea kiungo cha kulipia, kana kwamba hawajulikani. Aliyeandikwa daftarini alirudi kwa sababu anadaiwa, na alipokuja kulipa alinunua, akaandikwa tena. Shangazi anasema nimempunguzia madeni na wateja kwa pamoja. Simjibu, kwa kuwa hesabu zinaonyesha mauzo yamepanda, naye hesabu hizo ameziona na bado anasema hivyo.

Kitufe cha kijani kinabonyezwa na kundi moja ambalo sikulitarajia: wajukuu. Waliozaliwa Leicester, Toronto, Columbus, wenye kadi mkononi na Kiswahili kinachowaonea haya. Hawathubutu kupiga simu dukani, wala kutuma sauti WhatsApp na kusikika wanavyosema. Wanachagua kimya, wanalipa, wanaandika maelezo kwa Kiingereza. Shangazi huwapigia vilevile, usiku wao au mchana wao hajali.

"Wewe ni wa nani?"

Husikia jina la baba, halitoshi. La mama. La bibi. Hapo hunyamaza, akavuta daftari moja la zamani, akapekua. Kama bibi hadaiwi, mtoto huongezewa pea kwenye mzigo wake. Kama anadaiwa, shangazi humtajia kiasi na mwaka, bila ukali, na leso iliyochukuliwa. Mmoja wao, nadhani kwa aibu zaidi kuliko wajibu, aliuliza anaweza kulilipa wapi. Tovuti haikuwa na mahali pa jambo hilo, kwa hiyo nilitengeneza bidhaa mpya isiyo na picha, jina lake "Deni", bei anaiandika mlipaji mwenyewe. Nimeipanga mwisho kabisa wa ukurasa, chini ya mitandio. Inalipwa mara chache, kwa kadi, na sijaona hata mmoja aliyeghairi.